SUMU YA BAHARINI NA DAWA YA SARATANI: TUSIDANGANYIKE, TUSILALE

(Maandishi ya mhadhara kwa vijana, Nyali)



Ndugu zangu wa kiume na wa kike, na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwahi kufika mhadharani, nawashukuru wazee na waandalizi kwa kunipa nafasi hii. Mimi si daktari, wala si mwanazuoni. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, fani ya sayansi, niliyekaa kwenye mkeka wa madrasa kama nyinyi. Kwa hivyo haya ni maneno ya mwanafunzi kwa wanafunzi wenzake.

Kuna habari zinazozunguka kwenye simu zetu, kila mtu anamrushia mwenzake. Eti sumu ya mnyama fulani wa baharini imegunduliwa kuwa inaua kansa, na eti madaktari wanatuficha ili hospitali zisikose wateja. Ujumbe wenyewe hauna jina la mwandishi, na mwisho wake unaambiwa utume kwa watu kumi. Hebu leo tuuchambue, tuone ukweli uko wapi na uongo uko wapi, kwa sababu yote mawili yamo.

Jibu nitalitanguliza, ili hata anayesinzia kwa saumu alipate kabla hajalala. Ndiyo, sumu za baharini zimewahi kugeuzwa dawa, na baadhi ya dawa hizo wanapewa wagonjwa wa saratani. Lakini hakuna hata moja iliyotoka baharini ikaenda moja kwa moja mwilini mwa mgonjwa. Kati ya sumu na dawa kuna safari ndefu. Anayejaribu kuikatiza safari hiyo anaweza kufa. Na asiyeianza kabisa, atabaki kununua kwa wenziwe maisha yake yote.

TUANZE HAPA PETU

Sisi watu wa Nyali, Kongowea, Kisauni mpaka Bamburi, sumu hizi tumezaliwa nazo. Mbele ya ufuo wetu kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, na ndani ya mwamba ule mna viumbe wa kila namna. Yumo taa, mwenye mwiba mkiani. Yumo tafi, ambaye ukimla ni mtamu lakini ukimshika ovyo miba yake itakuliza. Wamo konyeza, wanaotuwasha tukiogelea. Yumo bunju, anayejifura kama mpira. Yumo yule samaki aliyelala chini utadhani ni jiwe, ukimkanyaga utajua kwamba si jiwe. Na wamo konokono wenye makombe ya umbo la pia, yenye nakshi nzuri, ambayo kwa miaka mingi watalii wameuziwa pwani kama mapambo.

Sumu hizi si za aina moja, na jambo hili lishikeni. Sumu ya yule samaki wa jiwe ni ya protini. Joto huiharibu, ndiyo maana aliyechomwa hutiwa mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, huku akitafutiwa usafiri wa hospitali. Lakini sumu ya bunju si protini. Utamchemsha, utamkaanga, utamtia nazi, sumu ile ipo pale pale, na haina dawa ya kuiondoa. Basi mtu anayekuambia "sumu ya baharini inatibu", muulize kwanza: ipi? Ya mnyama gani? Kwa kipimo gani? Inapitia wapi kuingia mwilini? Akikosa jibu, ujue amekuletea uvumi.

KONOKONO MWENYE CHUSA

Sasa tumwangalie huyu konokono wa umbo la pia. Baadhi ya jamii zake wanakula samaki. Hebu fikiria: konokono anakula samaki! Samaki anakwenda mbio, yeye anatambaa. Atamshikaje?

Mwenyezi Mungu amempa jino lililo kama chusa. Hulirusha, likamdunga samaki, na sumu iliyomo humgandisha hapo hapo. Sumu hiyo ina mchanganyiko wa vitu zaidi ya mia, na kila kimoja kina kazi yake: hiki kinafunga mishipa ya fahamu, kile kinalegeza misuli. Baadhi ya konokono hawa, akiwemo Conus geographus anayepatikana kuanzia pwani yetu hii mpaka bahari ya Pasifiki, wanaweza kumuua mtu. Vifo zaidi ya 30 vimeandikwa duniani. Kwa hivyo ukimwona yuko hai, usimtie mfukoni.

Kulikuwa na msomi wa Kifilipino, Baldomero Olivera. Alisoma Marekani, kisha akarudi kwao Ufilipino akakuta maabara haina vifaa. Angeweza kukaa akalalamika. Yeye akatafuta kitu kilichopo kwao, kinachopatikana kwa urahisi, akaanza kuchunguza sumu ya konokono wa pwani ya nchi yake. Baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, akaendelea na kazi ile ile.

Na hapa ndipo nataka vijana mfungue masikio. Walioisukuma kazi ile mbele walikuwa wanafunzi. Craig Clark alikuwa na umri wa miaka 19 alipobuni njia ya kupima kila kipande cha sumu peke yake. Michael McIntosh alikuwa na miaka 18, ndio kwanza ametoka sekondari, alipoanza kazi iliyomwezesha kukitenga kipande kimoja kutoka kwa konokono aitwaye Conus magus. Kipande hicho kilionekana kufunga njia inayopitisha habari za maumivu kwenye uti wa mgongo. Kikaja kuwa dawa, zikonotidi, jina lake la dukani Prialt, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2004.

Dawa hii hupewa wagonjwa wenye maumivu makali mno, wakiwemo wa saratani, ambao mofini imeshindwa kuwasaidia. Hainywewi. Huingizwa kidogo kidogo kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo, chini ya uangalizi wa madaktari, kwa sababu ikizidi inaweza kumvuruga mgonjwa akili hata akaona visivyokuwepo. Na angalieni vizuri: haiui saratani. Inapunguza maumivu tu. Lakini aliyewahi kukesha na mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha anajua kwamba hilo nalo si dogo.

MNYAMA WA MAURITIUS

Utasema, haya, hiyo ni ya maumivu. Ya kuiua saratani yenyewe je?

Ipo. Na kisa chake kilianzia katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Mwaka 1972, watafiti wa Profesa George Pettit wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua kutoka kisiwa cha Mauritius mnyama wa jamii ya konokono, mwenye mwili laini, jina lake la kisayansi Dolabella auricularia. Yuko pia katika pwani ya Afrika Mashariki, kwenye maji machache yenye nyasi. Hana mwiba wala chusa. Ukimsumbua hutoa wino wa zambarau. Ndani yake mlikuwa na sumu, lakini kwa kiasi kidogo mno, hata ikawachukua watafiti mpaka mwaka 1987 kutangaza umbile lake. Wakaiita dolastatini 10.

Sumu hiyo iliua chembe za saratani maabarani kwa kiasi kidogo cha kushangaza. Utasema alhamdulillahi, dawa imepatikana. Bado! Walipoijaribu kwa wagonjwa, ilionekana kwamba kiasi ambacho mwili ungeweza kukivumilia hakikutosha kuupunguza uvimbe. Sumu haikujua kuchagua. Iliumiza chembe nzima kama ilivyoumiza chembe mbovu.

Hapo wengi wangekata tamaa. Watafiti wengine wakatumia akili kama ya mtu anayetuma mzigo kwa basi. Ukitaka mzigo ufike kwa mwenyewe Malindi, huutupi tu ndani ya basi. Unaandika jina la mpokeaji juu yake. Wakatengeneza maabarani sumu iliyo ndugu ya dolastatini, wakaifunga kwenye kingamwili, yaani aina ya askari wa mwili anayetambua alama maalumu. Kingamwili ile huitafuta chembe ya saratani yenye alama hiyo, huingia ndani, ndipo sumu inapofunguliwa. Dawa hiyo, inayouzwa kwa jina la Adcetris, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya matezi iitwayo Hodgkin.

Piga hesabu. Kutoka 1972 mpaka 2011 ni miaka 39. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku mnyama yule alipotolewa majini, alikuwa na 59 dawa ilipofika kwa wagonjwa. Hiyo ndiyo safari ninayoizungumzia.

Wako na wengine. Sifongo wa baharini, mnyama aliyejishika mwambani hata tukadhani ni mmea, hana miguu ya kukimbia, kwa hivyo hujilinda kwa kemikali. Sifongo wa pwani ya Florida, aliyekusanywa na Werner Bergmann mwaka 1945, ndiye aliyefungua njia ya dawa ya sitarabini, iliyoidhinishwa mwaka 1969 kwa saratani ya damu, na mpaka leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sifongo wa Japani alileta eribulini, iliyoidhinishwa mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa.

KISAHANI SI MWILI

Sasa tuurudie ujumbe wa simu. Mara nyingi ujumbe kama huo huwa na mzizi wa kweli. Kwa mfano, mwaka 2006 watafiti wa India walichapisha kwamba sumu ya samaki mmoja mwenye miba mirefu kama manyoya, jamii ya wale walioko kwenye mwamba wetu, iliua chembe za saratani maabarani. Habari ni ya kweli. Lakini iliua wapi? Ndani ya kisahani.

Ndugu zangu, hata jiki ukiitia kwenye kisahani itaua chembe za saratani. Je, utampa mgonjwa jiki anywe? Kuua chembe kwenye kisahani ni rahisi. Kazi ni kuua chembe mbovu na kumwacha mwenye mwili akiwa hai. Ndiyo maana baada ya kisahani huja wanyama wa maabara, kisha watu wachache kuangalia usalama na kipimo, kisha wagonjwa zaidi kuona kama inasaidia, kisha mamia kuilinganisha na dawa iliyopo. Katika kila hatua, nyingi huanguka. Na sumu za protini ukizinywa, tumbo litazisaga kama linavyosaga nyama. Hutapata dawa, na pengine utapata madhara.

Na tusidhani uvumi huu ni wa kwetu peke yetu. Mwaka 1992 kulitoka Marekani kitabu kilichoeneza kwamba papa haugui saratani, watu wakaanza kumeza vidonge vya gegedu la papa. Si kweli. Papa huugua, na wanasayansi wameziona saratani zake. Dawa iliyotengenezwa kwa gegedu hilo ilijaribiwa kwa wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu waliokuwa wakipata matibabu ya kawaida. Matokeo yakachapishwa mwaka 2010: haikuwaongezea maisha.

MAMA WA MTAANI KWETU

Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja, sote tukimwita mama. Aliona uvimbe kifuani, mdogo kama punje ya kunde, na hauumi. Akaona haya kuusema. Aliposema, watu wakamletea chupa: huyu mafuta ya papa, huyu unga wa kombe la baharini uliosagwa, huyu maji ya mizizi. Miezi minane ikapita. Siku aliyofika hospitali, uvimbe ulikuwa umeshapasuka na ugonjwa umeshafika kwenye mifupa. Daktari alimuuliza mwanawe swali moja tu: "Mlikuwa wapi?" Tulimzika mwezi wa Shaabani.

Waliomletea chupa zile hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakimpenda. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Mtu anakupenda, na kwa mapenzi yake anakuchelewesha.

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 pekee Wakenya zaidi ya 42,000 walipatikana na saratani, na zaidi ya 27,000 walikufa kwayo. Zinazoongoza ni za matiti, mlango wa kizazi, tezi la kiume na koo la chakula. Nyingi kati ya hizo zikishikwa mapema hutibika au hutulizwa kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi hospitali ya umma yenye mionzi ya tiba ilikuwa Kenyatta peke yake, mgonjwa wa Pwani akilazimika kulala njiani kwenda Nairobi. Leo hospitali yetu kuu ya Pwani ina kitengo chake cha saratani. Na chanjo ya kuwakinga wasichana na virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Je, dada yako amechanjwa? Ujumbe huo mbona hatutumiani?

Na kwa kuwa tuko katika Ramadhani, nitaongeza neno moja. Wako wagonjwa wanaoacha kwenda kutiwa dawa mwezi huu wakiogopa kufungua. Ugonjwa ni udhuru, hilo tumelisoma tangu madrasa. Mgonjwa amuulize daktari wake juu ya dawa, na amuulize shekhe wake juu ya saumu, wala asikatize matibabu kwa kujikisia. Na wewe uliye mzima, badala ya kumpelekea chupa, mpeleke hospitali. Kaa naye kwenye foleni. Mlipie nauli.

VIJANA TUSILALE

Nimesema tusidanganyike. Sasa nasema tusilale.

Ukishuka daraja la Nyali, mwendo mfupi tu kuelekea Mkomani, pana Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI. Makao yake makuu yako pale, mlangoni petu. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuuliza kunafanywa nini mle ndani? Ni wangapi waliochagua biolojia na kemia kidato cha tatu, si kwa kulazimishwa, bali kwa kutaka kujua? Tunamjua tafi kwa ladha yake na kwa mwiba wake. Wazee wetu wavuvi wana ilimu ya bahari isiyoandikwa popote: nani anachoma, nani haliwi, msimu gani konyeza hujaa. Ilimu hiyo wakifa nayo, imekwenda.

Na mali isiyojulikana na mwenyewe, huchukuliwa na mwingine. Mwaka 1992 vijidudu vilichukuliwa kutoka Ziwa Bogoria. Kutokana navyo, kampuni ya nje ikapata kimeng'enya cha kufifisha rangi ya jinzi, na baadaye Shirika la Wanyamapori la Kenya likalazimika kudai haki ya nchi. Kama hayo yalitokea ziwani, mwambani hayawezi kutokea? Atakayeilinda mali hii ni yule anayeijua thamani yake, na kuijua kwataka kusoma.

Kisha kuna mwamba wenyewe. Mwaka 2001 ilibainika kwamba dolastatini 10 imo ndani ya vijidudu vya majini vinavyoota kama mwani, chakula cha yule mnyama wa Mauritius. Kumbe sumu ile aliipata kwa anachokula! Maana yake, huwezi kumhifadhi mnyama mmoja ukaharibu majirani zake. Ukikanyaga matumbawe, ukitupa plastiki, ukiokota makombe hifadhini ambako ni marufuku, hujui ni dawa ya ugonjwa gani unayoiharibu kabla haijajulikana.

Basi ndugu yangu, tutoke hapa na mambo matatu. La kwanza, ujumbe wa dawa usio na mnyama, kipimo wala aliyeuandika, usiutume. Ukomee kwako. La pili, ukiona uvimbe, damu isiyo ya kawaida, au chakula kinakwama kooni, wewe au mzazi wako, nenda hospitali wiki hii, usingoje Idi. La tatu, wewe uliye na miaka 18 na unadhani huna vifaa, mkumbuke Olivera aliyerudi akakuta maabara tupu, na wanafunzi wake waliokuwa na umri kama wako. Konokono tunaye. Bahari tunayo. Kilichobaki ni sisi kufungua vitabu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie ilimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.